Mitungi Miwili Ukutani

Katika kila nyumba alibisha hodi mara mbili: mara ya kwanza mlangoni, kama watu wote, na mara ya pili ukutani, kabla hajapokea kiti wala maji ya kunywa. Alibisha kwa vifundo viwili vya mkono wa kulia, vikavu, vyenye ngozi ngumu kama kwato. Kisha kichwa kiliinama upande, sikio la kushoto likakaribia rangi, na chumba kizima, hata watoto, kikanyamaza bila kuambiwa. Mtaani tulimwita Fundi. Mafundi walikuwa wengi, wa mabomba, wa umeme, wa kufuli, na kila mmoja aliitwa kwa kazi yake. Yeye peke yake aliitwa Fundi bila nyongeza, mpaka siku alipobandikwa nyongeza ambayo hakuistahili. Kazi yake ilikuwa moja: kutundika televisheni ukutani.

Kwa miaka yote niliyomfahamu, televisheni moja tu aliyoishughulikia ilianguka. Ilianguka nyumbani kwetu, ikamvunja mama yangu mguu, na jina la Fundi likavunjika siku hiyohiyo. Mfupa uliunga. Haya nayaandika kwa ajili ya kile ambacho hakikuunga.

Asiyekaa huku kwetu Eastlands huenda akashangaa kwamba kazi hiyo ilihitaji mtu wa pekee. Nimesoma kwamba katika nchi za baridi kuta hujengwa kwa nguzo za mbao zilizofichwa ndani, na anayetaka kutundika kitu kizito huitafuta nguzo kwanza; akiipata, ameokoka. Kuta zetu hazina nguzo. Nyingine ni za mawe, na mawe huvijibu vifundo kwa sauti fupi, nene, isiyo na mwangwi. Nyingine ni za bloku zenye matundu, nazo hujibu kama mtu anayesema huku ana chakula mdomoni. Nyingine si kuta kabisa: ni mbao za dari zilizosimamishwa, zikapigwa lipu nyembamba, zikapakwa rangi ileile ya maziwa. Wenye nyumba wetu hawapendi kuiacha nafasi ilale. Chumba kimoja hugawanywa kuwa viwili, mlango wa zamani huzibwa, dirisha hugeuzwa kabati. Kisha huitwa fundi wa rangi, naye akiondoka, yote ni ukuta.

“Rangi ni kanga ya ukuta,” Fundi aliniambia nilipomfahamu mwanzo. “Usipose kanga, Mwalimu. Uliza kwanza aliyeivaa ni nani.”

Kwa mawe alitumia skrubu nene na vijiti vya plastiki vinavyopanuka ndani ya tundu. Kwa bloku alikuwa na bolti zenye mabawa, ambazo huingia zikiwa zimejikunja, na zikifika upande wa pili penye uwazi hujikunjua na kushika kwa nyuma. Alizinunua Eastleigh, kwenye duka moja la ghorofani, na kabla ya kuzilipia alizitikisa moja moja karibu na sikio huku mwenye duka akikunja uso. Kwa mbao za dari hakutumia kitu. Aliirudisha drili mkobani, akasema, “Hapa wekeni meza,” akaondoka.

Kukaa alikuwa hawezi. Sikumbuki kumwona akimaliza kikombe cha chai. Alikipokea kwa heshima, akakinywa nusu akiwa amesimama mlangoni, macho yakipita juu ya vichwa vyetu kwenda kwenye kona za dari, penye nyufa, penye alama za unyevu; kisha akakiweka chini na kuaga. Mama alimtania: “Fundi, kiti hicho hakina miiba.”

“Najua, Mama. Mwenye miiba ni mimi.”

Vifundo vyake havikupumzika hata nje ya kazi. Alibisha meza, alibisha masanduku, alibisha mlango wa chuma uliokuwa wazi tayari. Katika matanga ya jirani mmoja nilimwona amekaa, jambo la nadra, mkono mmoja umetulia pajani, lakini kidole cha mkono wa pili kilikuwa kikiugonga ubao wa benchi polepole, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikia jibu lisilomridhisha. Kule Soko la Burma wauza matikiti walimpenda. Alipita akigonga tikiti moja baada ya jingine, akisema, “Hili bado. Hili limelala. Hili leo,” na wanunuzi waliokuwa nyuma yake walichukua yale ya “leo” bila kubishana. Yeye mwenyewe hakununua. Nilipomuuliza, alisema hapendi tikiti. Lina maji mengi, na ukila huwezi kutembea.

Alikuwa mwangalifu wa kuta na mzembe wa nafsi yake. Alivuka barabara kama mtu anayegombana na magari. Kamba ya mkoba wake ilikuwa waya. Simu yake ilikuwa na kioo kilichopasuka kutoka pembe hadi pembe kwa kuanguka mara kwa mara, na alipoulizwa vipi fundi wa kuzuia vitu visianguke huiangusha simu yake, alijibu kwamba simu haina mtu chini yake. Aliwasema vibaya mafundi wengine wote, kwamba wanatoboa kwanza kisha wanauliza, na papo hapo aliwaazima drili. Nyumbani kwake, chumba kimoja cha kupanga, televisheni ilikaa juu ya kigoda cha mbao karibu na sakafu, naye aliitazama akiwa amesimama. Mtu mmoja alipomuuliza, alisema sababu ni kwamba ukuta ni wa mwenye nyumba, si wake kuutoboa. Mimi aliniambia sababu nyingine: “Daktari halali wodini.”

Jambo lililomtofautisha zaidi, na ambalo kisa hiki kimelitegemea, ni mitungi.

Alipokwisha kufunga breketi, ile fremu ya chuma inayoibeba televisheni, hakuruhusu televisheni iguswe. Aliipima kwa pimamaji, akachora mstari kwa penseli ukutani juu yake, mwembamba kama unywele. Kisha akaomba mitungi miwili ya njano ya lita ishirini, ile ya maji ya nyumbani, akaijaza hadi mdomoni na kuining’iniza kwenye breketi kwa kamba ya katani. Ingekaa hapo siku moja na usiku wake. Kesho yake, saa ileile, angekuja kuutazama mstari. Kama breketi imeshuka hata unene wa penseli, angefungua kila kitu na kuanza upya mahali pengine.

Nyumba nzima, kwa hiyo, ilikaa siku moja ikitazama maji. Jirani akichungulia alicheka: “Leo mnashika stesheni gani?” Wengine walimwomba apunguze, afanye saa mbili tu, au mtungi mmoja, kwani televisheni yenyewe haifiki nusu ya uzito huo. Hakukubali. “Televisheni inavutwa,” alisema. “Inageuzwa huku na huku, mtoto ananing’inia. Mzigo mzito ni ule unaosogea.” Na akaongeza neno ambalo wakati huo nililiona la mzaha: “Tena maji hayana adabu. Ukuta ukiwa mbaya, yatasema mbele ya wageni. Mimi nina haya.”

Kweli alikuwa na haya. Ukuta uliokuwa wazi ubaya wake aliukataa pale pale. Ukuta wa shaka alishindwa kuukataa, hasa mteja akiwa mama wa makamo aliyekwisha kuchagua mahali na kuhamisha makochi. Hapo hakusema neno. Aliyaachia maji.

Sasa nieleze siku yenyewe.

Tulikuwa tukiishi karibu na Burma, watu watatu: mama, dada yangu na mimi. Dada yangu alikuwa anaposwa. Wazee wa upande wa bwana walikuwa waje Jumamosi, na mama alitaka wakute sebule imekamilika, televisheni mpya ukutani, mbele ya kochi kubwa. Fundi alikuja Ijumaa asubuhi. Mama akamwonyesha mahali: “Hapo hapo, Fundi. Katikati kabisa.” Alibisha upande wa kushoto. Alibisha upande wa kulia. Alirudia kulia, mara tatu, sikio karibu na rangi. Mama alikuwa akitabasamu na leso mkononi. Fundi akachukua drili. Alifunga breketi ya mkono, ile inayovutwa mbele na kugeuzwa, kwa kuwa mama alitaka kutazama akiwa jikoni. Kushoto akatumia skrubu za mawe, kulia bolti zenye mabawa. Akachora mstari, akatundika mitungi, akanywa nusu kikombe, akaenda.

Baada ya swala ya Ijumaa simu ikalia. Mmoja wa wazee alikuwa na safari ya ghafla; wageni wangekuja leo, baada ya alasiri. Mama alitoka mbio kwenda kununua nyama. Dada alijifungia chumbani na nguo zake. Mimi nikabaki sebuleni na mitungi miwili ya njano, iliyochubuka, iliyofungwa kamba ya katani, ikining’inia juu ya mahali watakapokaa wazee wa watu.

Niliishusha. Sitatafuta neno jingine. Nilifungua kamba, nikashusha mtungi mmoja, kisha wa pili. Nikaufuta mstari wa penseli kwa kitambaa kwa sababu ulionekana kama uchafu. Nikaitundika televisheni kwa mikono yangu, ikaingia kwenye breketi kwa mlio mdogo wa kuridhisha. Na kwa kuwa mfereji haukuwa umetoa maji kwa siku mbili, maji ya mitungi, akiba yetu yote, ndiyo yaliyopika pilau na chai. Mama aliporudi aliitazama sebule, akaniuliza, “Fundi amekuja kumaliza?” Nikasema amemaliza. Wageni walikaa, walikula, posa ilikubaliwa, na mzee wao mmoja aliomba kikombe cha pili cha chai.

Fundi alikuja Jumamosi asubuhi, saa aliyoahidi. Alibisha mlangoni. Aliingia, akasimama. Televisheni ilikuwa ukutani ikizungumza. Mitungi ilikuwa kando ya mlango, tupu. Kwenye meza ya jikoni vikombe kumi na viwili vilikuwa vimeinamishwa vikauke.

“Mitungi ilikaa vizuri, Fundi,” nikamwambia. “Siku nzima na usiku. Nikaona nikupunguzie kazi.”

Alinitazama. Kisha akaenda ukutani, akabisha upande wa kulia, chini ya televisheni, vifundo viwili. Akasikiliza. Mama akatokea na chai, uso umejaa furaha ya jana, akamwombea dua ndefu. Fundi akapokea kikombe, akanywa nusu, akaikunja kamba yake na kuondoka.

Wiki tatu baadaye mama alikuwa jikoni akichambua mchicha. Alikuja sebuleni, akaivuta televisheni kwa mkono wa breketi igeuke kumwelekea, kama alivyokuwa akifanya kila siku. Upande wa kulia uliachia, televisheni ikamwangukia mguuni. Bolti zilitoka na kipande cha lipu kikubwa kama sinia, na nyuma yake hapakuwa na ukuta: palikuwa na ubao wa dari, na nyuma ya ubao, uwazi wa mlango wa zamani, bawaba moja yenye kutu ingali imeshikilia fremu. Mwenye nyumba aliuziba mlango huo kabla hatujahamia. Mama aliwekewa plasta ya hospitali hadi gotini, na tangu siku hiyo hutembea kwa mkongojo.

Fundi alikuja kumjulia hali na machungwa ndani ya mfuko wa karatasi. Hakukaa. Alisimama mlangoni akasema, “Mama, nisamehe. Mwenye drili ndiye mwenye lawama.” Mama aligeuza uso ukutani. Mimi nilikuwa nimesimama pale, hatua mbili kutoka kwake, na sikufungua kinywa.

Mtaa haukusubiri zaidi. Neno lilipita kwa wauza mboga, likaingia kwa vinyozi, likavuka hadi kwa wenye maduka. Aliitwa Fundi wa Kuangusha. Waliokuwa wakimngoja wiki mbili sasa walimwita mwingine, na wale aliowaazima drili ndio walioitwa. Alirudi kwenye kazi za reja reja: rafu za duka, vioo vya saluni, picha za harusi. Nilipomwona kwa mbali nilibadilisha njia. Mimi, ambaye darasani huwasahihisha wanafunzi kwa herufi moja, nilikuwa na sentensi moja ya kusema na nikaizunguka kwa miaka.

Miaka hiyo dada yangu aliolewa, akapata watoto. Mama na mimi tukahamia ghorofani huko Mowlem. Mwaka huu mama amekuwa mtu wa chumbani zaidi. Dada yangu akamtumia televisheni kubwa. Chumba ni kidogo; kitanda, kabati na kiti vimekwisha kukijaza, na mahali pa pekee palipobaki ni ukuta ulio mbele ya kitanda, juu ya miguu yake anapolala. Tulihitaji fundi.

“Mtafute yeyote,” mama alisema, “ila si yule.”

Nilikwenda kwa kinyozi wangu kumuuliza kama anamjua mtu. Ni kijana mchangamfu, mashine mkononi, mdomo haufungi.

“Niaje, Mwalimu! Wasee wa kufunga TV wako wengi, nitakupea namba. Lakini usiite yule budaa mzee wa mitungi, huyo atakuangushia. Si alivunja mathe wa wenyewe mguu? Hiyo story kila mtu anaijua.”

“Mama wa nani?”

“Ah, sijui. Wa huko Burma tu.”

Mashine ilipita shingoni mwangu. Nilitamani aikate sentensi ile kooni na kuitoa. Nilimlipa, nikapanda gari la Burma, nywele zikiwa nusu.

Nilimkuta kwenye matikiti. Amepungua, kichwa kimekuwa cheupe, lakini hakuwa ametulia. Alikuwa akihama kutoka lundo hadi lundo. Kilichobadilika ni namna ya kusikiliza. Sasa aligonga kwa mkono mmoja, na kiganja cha mkono wa pili alikibandika kwenye tikiti. Miaka ya drili ilikuwa imemla masikio.

“Shikamoo, Fundi.”

“Marahaba, Mwalimu. Mama hajambo mguu?” Alisema kana kwamba tuliachana jana.

“Fundi, mitungi niliishusha mimi. Kabla ya alasiri ileile.”

Hakuacha kugonga. “Najua.”

“Tangu lini?”

“Tangu vikombe. Nyumba ya watu watatu, vikombe kumi na viwili vinakauka, na mfereji una siku tatu haujatoa. Maji mliyatoa wapi? Hili limelala.” Akasukuma tikiti kando.

“Kwa nini hukusema? Watu wote wamekusema wewe.”

“Uliza swali jingine. Uliza kwa nini sikuishusha TV asubuhi ile nilipojua.”

Nikamuuliza. Kwa mara ya kwanza vifundo vikatulia.

“Upande wa kulia niliusikia tangu mwanzo. Ulijibu kama sanduku. Lakini Mama alikuwa na raha zake, binti anaposwa, ananiambia hapo hapo, katikati kabisa. Nikasema moyoni, maji yatamwambia, si mimi. Kesho yake nakuta maji hayapo, TV inaimba, Mama ananiombea dua. Ningesema nini? Kwamba jana nilisikia nikanyamaza? Nikanywa chai, nikaondoka.” Akanitazama. “Wewe uliyashusha maji, Mwalimu. Mimi nilikuwa nimeshaumeza ulimi.”

“Basi makosa tumegawana.”

“Haya hayagawanyiki. Kila mtu hubeba yote.” Akachukua tikiti jingine, akaliweka tena bila kuligonga. “Mimi yangu nilimpelekea Mama, na machungwa juu. Wewe yako umempelekea nani?”

Niliporudi Mowlem mama alikuwa ameketi kitandani, mkongojo kando yake. Nilibaki nimesimama. Nilimwambia yote kwa mpangilio: simu, kitambaa, kamba, uongo wa jioni na uongo wa asubuhi. Nikamwambia pia kwamba Fundi aliusikia ukuta akanyamaza, kwa kuwa tulipoagana sokoni aliniagiza nisimfichie lawama yake: “Usinipunguzie.” Nilipomaliza mama aliutazama mguu wake.

“Chai ile ya posa.”

“Ndiyo, Mama.”

“Mzee wao aliomba kikombe cha pili.”

“Ndiyo.”

“Maji ya ukutani.” Alitikisa kichwa. Sikuweza kujua kama anacheka. Kisha sauti ikamshuka. “Nimekutana na mtu yule Burma mara mbili. Ananiamkia, nageuza uso. Mtu mzima, mbele ya watu, ananiamkia na mimi nageuza uso. Na wewe mara moja ulikuwa umenishika mkono.”

Ilikuwa kweli.

“Mlete,” mama akasema. “Na ukipita kwa yule kinyozi wako, akumalizie hizo nywele, na wewe ummalizie hicho kisa.”

Nilifanya yote mawili. Kinyozi alizima mashine mpaka nilipomaliza, na kwake hilo ni tukio.

Fundi alikuja kesho yake saa tatu asubuhi. Alibisha mlangoni, akaingia chumbani kwa mama. Mama alijikaza akasimama kwa mkongojo.

“Fundi, nimekukosea miaka.”

“Mama,” akasema huku macho yameshampita, “ukuta kwanza.”

Alibandika viganja vyote viwili kwenye rangi, na shavu pia, kisha akaniambia nigonge. Niligonga. “Chini kidogo. Sasa kushoto. Polepole, wewe si polisi mlangoni.” Tuliupita ukuta mzima hivyo, shubiri kwa shubiri, mimi nikiwa vifundo na yeye akiwa sikio. Kila nilipogonga aliniuliza, “Umesikia nini?” na nilipokosea alinirudisha. Bloku, akasema mwishoni. Zina matundu, lakini ni bloku kutoka pembe hadi pembe. Hakuna mlango ndani yake.

Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Alimgeukia mama, akamwambia usoni: “Breketi ya mkono hapana. Hutaivuta. Itakaa bapa, haitageuka. Tena haikai katikati pale unapotaka. Itakuja huku, mbali na miguu yako. Hutaki, naweka meza.”

“Nataka,” mama akasema.

Alipima ubao wa mbao ngumu, mrefu kama mkono ulionyooshwa, akaufunga kwa bolti sita zenye mabawa ili mzigo usikae mahali pamoja, na juu ya ubao akafunga breketi. Kabla ya kutoboa alinionyesha swichi, akaniambia nyaya hupanda juu yake wima, hapo pasiguswe. Alichora mstari wa penseli. Alitundika mitungi miwili iliyojaa hadi mdomoni. Akanywa nusu kikombe, mlangoni.

“Kesho saa nne na nusu,” akasema. “Asiguse mtu.”

Alipoondoka mama alijisogeza akaketi akiuelekea ukuta, mkongojo juu ya magoti, na hakutoka hapo. Kabla ya adhuhuri alikuwa amewapigia simu wanawake watatu wa kule Burma, wale wenye midomo mipana zaidi, akawaeleza kila mmoja kisa kizima, na jina langu hakulificha.

Saa nane maji yakakatika mtaa mzima. Nilitazama ndooni, nikatazama birikani. Alasiri ilipoadhiniwa nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba chake kama mwanafunzi.

“Mama, hakuna maji ya kutawadha.”

“Yapo.”

“Yako wapi?”

Akaielekeza mitungi kwa ncha ya mkongojo. “Yale. Na hushushi.”

“Nitaswalije, basi?”

“Tayamamu. Vumbi la Fundi limejaa ukuta mzima.”

Mwanachuoni wa dini angekuwa na la kusema juu ya mtu anayetayamamu mbele ya lita arobaini za maji safi. Mimi sikuwa na haki ya kuleta hoja. Nilisogea kando ya mitungi, pale vumbi jeupe la bloku lilipokuwa limetanda, nikaupiga ukuta kwa viganja viwili, nami nikajikuta nimeinamisha kichwa upande.

“Ukuta umesema nini?” mama akauliza.

Kabla sijajibu, mlango wa nje ulibishwa: vifundo viwili, vikavu. Ilikuwa bado zaidi ya nusu siku kufika saa yake. Nikaenda kufungua. Alikuwa amesimama pale bila mkoba, bila drili, macho yakinipita begani kuelekea chumbani.

“Nilikuwa napita,” akasema, naye hakuwa na njia yoyote ya kumpitisha Mowlem.

Mama hakungoja nimjibu. Sauti yake ilitoka chumbani, kubwa kuliko nilivyoisikia mwaka mzima.

“Ingia, Fundi. Hakuna aliyegusa.”